Kwa Nini Moyo Husimamishwa Wakati wa Upasuaji

Upasuaji wa kupandikiza mishipa ya damu ya moyo, ambao hapa nchini hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam, hutanguliwa na fomu ya ridhaa. Katika maelezo ya daktari lipo jambo linaloshtua kuliko mengine: moyo wa mgonjwa unaweza kusimamishwa. Si ajabu baadhi ya ndugu kusita kusaini.

Hofu hiyo inaeleweka, ila imeelekezwa pasipo pake. Kinachouharibu moyo ni kuendelea kufanya kazi bila kulishwa. Ili ashone mshipa wenye upana wa milimita chache tu, daktari huhitaji moyo uliotulia. Hivyo mshipa mkuu, yaani aota, hubanwa kwa koleo maalumu, na mashine ya moyo na mapafu hushika kazi ya kusukuma damu mwilini. Ubongo na figo huendelea kupata damu. Moyo wenyewe ndio unaoikosa.

Hapo ndipo huingizwa kadioplejia, mmumunyo ambao kwa kawaida huwa baridi, wenye potasiamu nyingi kuliko iliyomo katika damu, na mara nyingi huchanganywa na damu ya mgonjwa. Potasiamu hiyo huzima umeme unaoamsha kila pigo, na misuli hulegea. Moyo uliosimama hivyo hutumia takribani sehemu 1 kati ya 10 ya oksijeni unayotumia ukiwa kazini. Baridi hupunguza matumizi hayo zaidi. Baadhi ya michanganyiko hurudiwa kila baada ya dakika 20 hivi.

Kipimo ndicho kiini cha yote. Mwaka 1955, Denis Melrose na wenzake jijini London walieleza namna ya kusimamisha moyo kwa potasiamu sitrati. Moyo ulisimama kweli, lakini baadaye ilibainika kuwa kiwango kilichotumika kilijeruhi misuli, na njia hiyo ikaachwa. Ilirejea kwa nguvu miaka ya 1970, watafiti wa Hospitali ya St Thomas' jijini humo walipotumia potasiamu kidogo zaidi pamoja na magnesiamu.

Kazi ikikamilika, koleo hufunguliwa, damu yenye joto huiondoa potasiamu, na mara nyingi moyo huanza kupiga wenyewe; mapigo yasipokaa sawa, hushtuliwa kwa umeme. Kinga hii haiondoi hatari zote, hasa kwa moyo uliokuwa dhaifu tangu awali. Kabla ya kusaini, mgonjwa na ndugu wana haki ya kumuuliza daktari moyo utasimama kwa muda gani, utalindwaje, na iwapo kwa mgonjwa huyo upasuaji unaweza kufanyika moyo ukiendelea kupiga, kwani njia hiyo nayo ipo.