Somo la Afya: Baridi Yabisi na Uganga wa Kihindi

Leo tutajifunza habari za baridi yabisi, yaani ugonjwa wa kuvimba viungo.

Neno "yabisi" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni "kavu". Wazee wa kale walidhani baridi na ukavu ndivyo vinavyokamata viungo. Waganga wa Kihindi, katika elimu yao iitwayo Ayurveda, walisema jambo la karibu na hilo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ugonjwa waliuita "amavata". "Ama" ni uchafu wa chakula kisichosagika vema tumboni. "Vata" ni upepo, ambao kwao ni wa baridi na mkavu. Kwa hiyo humpa mgonjwa chakula chepesi, tangawizi na mafuta ya nyonyo, na humkanda kwa mchanga wa moto uliofungwa kitambaani.

Joto hutuliza maumivu. Lakini leo twajua kuwa kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoshambulia viungo, na mfupa ukishalika haurudi. Tena, mwaka 2004 wachunguzi walipima dawa 70 za Ayurveda kutoka maduka ya Boston, Marekani. Dawa 14 zilikuwa na sumu: risasi, zebaki au aseniki.

Basi, mchuma nyanya ambaye vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwa majuma kadhaa, na kila asubuhi hukaza kwa muda mrefu, aende hospitali mapema. Dawa za kuuzuia ugonjwa zipo. Kama anatumia mitishamba, amwambie daktari.

Swali la kujadiliana: Joto hutuliza nini, na haliwezi kuzuia nini?