Mlango Uliofungwa: Taharuki katika Ufunguzi wa Filamu ya Kutisha ya Mwanafunzi

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi tumezoea kufundisha taharuki kwa njia moja. Tunaandika maana yake ubaoni, tunawataka wanafunzi watoe mifano miwili kutoka riwaya teule, kisha tunasonga mbele. Mwanafunzi huikariri maana hiyo, huitoa mtihanini, na akitoka katika chumba cha mtihani huisahau. Makala haya yananuia kueleza yaliyojiri pale mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu, katika shule ya bweni hapa Machakos, alipoamua kuitengeneza taharuki badala ya kuieleza tu.

Zoezi lilikuwa jepesi. Niliwataka wanachama wa chama cha drama watengeneze dakika mbili za kwanza za filamu ya kutisha, kisha kila mmoja aandike kurasa mbili za tafakari akieleza alichokusudia, alichokosea na alichojifunza. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hivyo walitumia yangu. Vifaa vingine vilikuwa tochi, shuka, kufuli na kompyuta moja ya maabara ambamo vipande viliunganishwa. Mwanafunzi ninayemzungumzia alirudia kazi yake mara tatu. Tafakari zake za majaribio hayo matatu ndizo msingi wa makala haya.

Taharuki, mshtuko na kinyaa

Kabla ya kuendelea, ni muhimu tutofautishe dhana tatu ambazo wanafunzi wetu huzichanganya.

Mshtuko ni hisia inayotokana na jambo la ghafla. Mhusika anafungua kabati, paka anaruka. Hadhira haikutarajia, inashtuka, na baada ya sekunde tatu imekwisha kutulia. Kinyaa ni hisia ya kuchukizwa na kinachoonekana, kwa mfano damu au mwili uliooza. Taharuki nayo ni hali ya kungoja. Hadhira inajua kiasi fulani, haijui kiasi kingine, na pengo lililo baina ya viwili hivyo ndilo linaloifanya ibaki kitini. Mtoto amelala, komeo la mlango linasogea polepole, mtoto hajui, sisi tunajua. Hiyo ndiyo taharuki.

Yafuata kwamba mshtuko na kinyaa hutegemea kinachoonyeshwa, ilhali taharuki hutegemea kinachofichwa. Mtunzi asiyebakisha kitu cha kuficha hawezi kujenga taharuki, hata akimwaga ndoo nzima ya damu.

Jaribio la kwanza: kuonyesha kila kitu

Katika jaribio la kwanza, mzuka uliovikwa shuka jeupe ulitokea sekunde ya kumi. Sosi ya nyanya ilikuwa imepakwa mdomoni. Msichana alipiga mayowe, mzuka ukamfuata, naye akaanguka. Tulipoitazama filamu hiyo katika ukumbi wa maankuli, wanafunzi walicheka hadi wengine wakashika mbavu.

Mwanafunzi alihuzunika, lakini tafakari yake ilikuwa ya busara. Aliandika kwamba alikuwa ameonyesha kila kitu katika nusu dakika ya kwanza, akabaki bila kitu cha kumpa mtazamaji katika dakika moja na nusu iliyosalia. Pia alitambua kwamba mzuka wake haukuwa na historia. Haukuwa wa mtu yeyote, haukutaka chochote, na haukuwa na sababu ya kuwa pale.

Nilimpa mifano mitatu ya kutafakari. Wa kwanza ni riwaya ya Mohamed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Jina lenyewe linamtayarisha msomaji kukutana na mizimu, lakini kinachofuata ni mauaji yanayochunguzwa kwa akili na Bwana Msa. Mtunzi anaitumia hofu ya msomaji kuhusu mahali fulani, bila ya kulazimika kuleta mzimu mwenyewe. Wa pili ni filamu ya Marekani iitwayo Jaws, ya mwaka 1975. Papa wa kutengenezwa aliyetumiwa alikuwa akiharibika kila mara baharini, na mwelekezi Steven Spielberg akalazimika kuonyesha maji na kusikizisha muziki pasipo papa. Upungufu huo wa vifaa ndio uliowatia watu hofu ya kuogelea. Wa tatu ni wa nyumbani: Kati Kati, filamu ya Mbithi Masya ya mwaka 2016. Inaanza mchana kweupe. Mwanamke aliyevaa vazi la hospitali yuko peke yake nyikani na hajui amefikaje. Hakuna giza wala damu. Kuna maswali tu: huyu ni nani, na kwa nini amevaa vile?

Jaribio la pili: kufuli

Wiki mbili baadaye mwanafunzi alileta jaribio la pili. Kamera ilianza na picha ya karibu ya kufuli kubwa, usiku. Hatukuona uso wa mtu. Tulisikia nyayo zikienda, kisha funguo zikigongana, kisha kimya. Kamera ikaingia ndani ya bweni ambamo wavulana walikuwa wamelala katika vitanda vya ghorofa. Mmoja akafumbua macho. Akanusa. Akanusa tena. Akauendea mlango polepole, akausukuma, nao haukufunguka. Nje, dirishani, njiti ya kiberiti ikawashwa. Picha ikakatika.

Hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima ulinyamaza. Kwa upande wa mbinu, kila kitu kilikuwa mahali pake: sauti ilitangulia picha, habari zilitolewa kidogo kidogo, na mtazamaji alijua hatari kabla ya wahusika. Nilimwandikia alama 18 kati ya 20, na nilijivunia.

Sikuwa nimemwona mama mmoja wa jikoni aliyesimama mlangoni akitazama. Kiberiti kilipowashwa, aliondoka. Asubuhi iliyofuata alinijia na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sikatai sinema. Lakini lile kufuli nalijua."

Wasomaji wa hapa kwetu wameshaelewa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, papa hapa Machakos, lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mama huyu alimpoteza binamu yake usiku huo. Wakati ule mimi nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka jinsi watu wazima walivyoizunguka redio bila kusema neno. Mwanafunzi wangu alikuwa hajazaliwa. Kwake yeye, bweni linaloungua lilikuwa habari ya Endarasha kule Nyeri, ambako watoto 21 walikufa Septemba 2024, na hata hiyo aliijua kama habari ya mbali. Hakujua kwamba alikuwa akiigiza msiba wa jirani zake.

Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Nilikuwa nimepima mbinu nikasahau kuuliza swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza: hofu hii ni ya nani?

Ufunguzi ni ahadi

Nilimweleza mwanafunzi kisa hicho. Alitaka kuifuta filamu mara moja. Nilimshauri aende kwanza akamsikilize mama yule, naye alikwenda akiwa peke yake. Alichoambiwa kinastahili kuzingatiwa na kila mwalimu wa fasihi. Mama hakumkataza kusimulia habari za moto. Alimwambia kwamba hadithi ile inafaa kusimuliwa, lakini na mtu atakayeisimulia mpaka mwisho: watoto wale walikuwa kina nani, walipenda nini, nani aliyewazika, na nani aliyetakiwa kuufungua ule mlango.

Bila kutumia istilahi yoyote, mama huyu alikuwa ameeleza kazi ya ufunguzi. Ufunguzi wa kazi yoyote ya kubuni ni ahadi. Mtunzi anapoibua hofu, anaahidi kwamba hofu hiyo itatupeleka mahali, yaani itatufunulia jambo kuhusu wahusika na jamii yao. Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, inamleta mzuka wa babu kumtembelea mhusika K, lakini haimleti ili tuogope tu. Mzuka huo unamlazimisha K, na sisi pamoja naye, kuyakabili maovu ya utawala anaoutumikia. Hofu imelipiwa.

Mwanafunzi wangu alikuwa na dakika mbili tu, na hakuwa na filamu ya kufuatia. Katika tafakari yake ya pili alikiri hivi: alikuwa amekopa hofu ya watu wengine na hakuwa na cha kuwalipa.

Jaribio la tatu: sauti ya mama

Hata hivyo, hakutaka kuuacha mlango. Alirudi katika fasihi simulizi. Sisi Wakamba tuna ngano nyingi za aimu, yale majitu yanayokula watu, na baadhi yake zilikusanywa na John Mbiti katika kitabu chake cha mwaka 1966, Akamba Stories. Aidha, katika ngano nyingi za Afrika Mashariki kuna jitu linalojifunza kuiga sauti ya mama ili watoto walioachwa nyumbani walifungulie mlango.

Jaribio la tatu lilitokana na ngano ya aina hiyo. Mama amekwenda sokoni. Mvulana na dada yake mdogo wamefunga komeo kwa ndani. Sauti nzito inaita, watoto wanaitambua na kunyamaza. Giza linaanza kuingia. Sauti inaita tena, na sasa imekaribia kufanana na ya mama. Hatimaye sauti ya mama yenyewe, nyororo kabisa, inaita jina la msichana. Anaruka, mkono wake unashika komeo. Wakati huo huo, kutoka nyuma ya nyumba, sauti ile ile inaita jina lile lile. Picha inakatika.

Kamera haikutoka nje ya nyumba hata mara moja. Jitu hatukuliona. Gharama ya jaribio hili ilikuwa ndogo kuliko ya yale mawili ya kwanza, kwa kuwa hata sosi ya nyanya haikuhitajika.

Katika tafakari yake ya mwisho, mwanafunzi alilinganisha milango miwili. Mlango wa bweni ulitisha kwa kuwa haufunguki. Mlango wa ngano ulitisha kwa kuwa utafunguka. Katika filamu ya pili, aliandika, hakumwachia mhusika wake lolote la kufanya ila kufa. Katika ya tatu, mtoto ana uamuzi wa kufanya, na mtazamaji anauamua pamoja naye. Nimefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka kumi, na sijawahi kupata maelezo bora ya uhusiano kati ya taharuki na uhusika.

Mapendekezo kwa walimu

Kutokana na tajriba hii, ningependa kupendekeza mambo manne kwa wenzangu wanaofundisha fasihi au kuandaa wanafunzi kwa tamasha za drama na filamu.

Kwanza, zoezi liwe fupi. Dakika mbili zinatosha kumfunza mwanafunzi kuchagua cha kuonyesha na cha kuficha. Mahali pasipo na simu wala kompyuta, mwanafunzi anaweza kuchora picha sita kwa mfuatano na kueleza sauti inayoandamana na kila picha.

Pili, tafakari iandikwe baada ya kila jaribio, isingoje mwisho. Iwapo mwanafunzi huyu angaliandika mara moja tu, tungalipata sifa za jaribio la tatu na kukosa mafunzo ya mawili ya kwanza.

Tatu, mwanafunzi aulizwe: katika hadhira yako, ni nani aliyewahi kuishi jambo hili? Swali hili halikusudiwi kumziba mdomo. Linakusudiwa kumfanya mtunzi ajue uzito wa anachokibeba.

Nne, tuhusishe kazi hii na vitabu teule. Mwanafunzi aliyetengeneza ufunguzi mmoja huusoma ufunguzi wa riwaya kwa jicho jingine. Sasa wanafunzi wangu huuliza mwandishi amewaficha nini katika ukurasa wa kwanza, na kwa nini.

Hitimisho

Tulipoonyesha jaribio la tatu, tulimwalika mama wa jikoni, naye akaketi safu ya mbele. Msichana aliposhika komeo, mama alipaza sauti kuliko wanafunzi wote: "Usifungue!" Baadaye alitaka kujua ni sauti ipi iliyokuwa ya kweli. Mwanafunzi alimjibu kwamba hata yeye hajui bado.

Kuna jambo moja ambalo halikuwa katika mtaala. Baada ya kazi hii, mwanafunzi alisoma mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008, ambao unakataza milango ya mabweni kufungwa kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Kisha alimwendea mwalimu wa bweni na kumuuliza, kwa adabu, funguo hukaa wapi usiku. Mwalimu alimchukua wakazunguka mabweni yote pamoja, mlango baada ya mlango, wakiisukuma ili kuhakikisha kwamba inafunguka.