Kuukwea Ukuta wa Lyamba lya Mfipa

Mwanafunzi wa Milepa anayekwenda kumsalimu shangazi yake Sumbawanga mwisho wa juma hupanda takriban mita 1,000. Anatoka bonde la Ziwa Rukwa, mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari, kwenye joto, mpunga na ufuta. Anafikia mji ulio kwenye mita 1,800 hivi, penye maharage, ngano na masweta ya mwezi Juni. Kati ya kanda hizo mbili umesimama ukuta wa mlima uitwao Lyamba lya Mfipa.

Barabara ya Muze hadi Ntendo ni mojawapo ya njia zinazoukwea ukuta huo. Gari likishaanza kukata kona, masikio huziba. Hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio bado ina mgandamizo wa bondeni, ilhali wa nje umeshapungua, hivyo ngoma husukumwa kuelekea nje. Ukimeza mate au kupiga mwayo, mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo hufunguka, mgandamizo ukalingana pande zote mbili. Pakiti ya kripsi iliyofungwa haina mrija wa namna hiyo, ndiyo maana huzidi kuvimba kila kona.

Baridi nayo ina sababu hiyohiyo. Hewa inayopanda hukutana na mgandamizo mdogo, ikatanuka, na kutanuka huko hula joto lake yenyewe. Hewa kavu hupoteza karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita inayopanda. Kwa wastani, ukichanganya na mvuke na mawingu, tofauti huwa nyuzi 6 au 7.

Lakini ukuta wenyewe umetoka wapi? Hapa ndipo ninapotamani kila mwanafunzi wa bondeni asimame na kutazama nyuma. Ukuta huu ni ukingo wa tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ardhi ya Afrika Mashariki inavutwa pande mbili, nayo, kama donge la ugali mgumu, hupasuka inapovutwa. Kipande cha katikati kilishuka, kikawa bonde la Rukwa. Kipande cha kando kilibaki juu, kikawa nyanda za Ufipa, penye mji wa Sumbawanga. Miamba ya Ufipa ina umri wa karibu miaka bilioni 2, na miamba ya kale kama hiyo ipo pia chini ya ziwa, ila imezama chini ya kilomita kadhaa za mchanga na tope lililoletwa na mito kwa mamilioni ya miaka. Ukuta tunaoukwea kwa gari, basi, ni ncha tu ya mporomoko ule. Sehemu kubwa zaidi imefukiwa chini ya mashamba ya mpunga.

Ziwa lenyewe halina mto unaotoka, na kina chake ni kifupi, kwa hiyo hupanuka na kusinyaa kufuatana na mvua. Miaka 10,000 hivi iliyopita maji yalikuwa juu zaidi, kiasi cha kufurika hadi Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya tambarare ya bondeni ilikuwa chini ya maji.

Mwanafunzi wa Lima, Peru, anayepanda kwenda Cusco kwenye mita 3,400, hupata masikio hayohayo na baridi hiyohiyo. Yeye huweza hata kuumwa kichwa na kutapika, kwa sababu mgandamizo wa Cusco ni kama theluthi mbili tu ya ule wa pwani. Ila milima ya Andes ilizaliwa kwa nguvu iliyo kinyume na yetu: huko sakafu ya bahari inajisukuma chini ya bara na kulikunja. Kwao ardhi inabanwa, kwetu inavutwa.

Sumbawanga haileti ugonjwa wa mwinuko, ambao kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Hata hivyo kila pumzi ina hewa pungufu kwa karibu sehemu 1 kati ya 9 ukilinganisha na bondeni. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 97, kwa hiyo maharage ya shangazi hukaa jikoni muda mrefu zaidi. Baridi ina faida pia: kimelea cha malaria ndani ya mbu hukua polepole mno hewa inapopoa, na chini ya nyuzi 16 hivi hakikui kabisa.

Mvuto ule wa ardhi haujakoma. Karibu na mji unapita ufa wa Kanda, unaoonekana kama ngazi ndefu ya ardhi iliyokata nyanda. Tarehe 13 Desemba 1910 Ufipa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika, na wataalamu wengi huutazama ufa wa Kanda kama chanzo chake.

Jumapili, kabla ya kupanda gari la kurudi, mwanafunzi achukue chupa tupu ya plastiki na kuifunga vizuri Sumbawanga. Akifika Milepa ataikuta imebonyea. Akiifungua ndani ya ndoo ya maji, mdomo ukielekea chini, kisha akapima kiasi cha maji kilichoingia na kukilinganisha na ujazo wa chupa nzima, atakuwa amekadiria kwa mikono yake tofauti ya hewa kati ya Ufipa na bonde, na anaweza kuipeleka hesabu hiyo darasani Jumatatu.