Kompyuta Ndani ya Kompyuta: Pesa Inaishia Wapi?

Ukitaka kuionja Linux bila kuigusa Windows yako, njia isiyo na hofu ni kompyuta pepe: programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya dirisha. Ukivuruga, unafuta na kuanza upya. Programu hizo siku hizi nyingi ni za bure, na ndiyo maana watu hushangaa pochi inapopungua.

VirtualBox ya Oracle ni bure na inatosha wengi. Tahadhari moja tu: kifurushi chake cha nyongeza ni bure kwa mtu binafsi, lakini ofisi inatakiwa kulipia. VMware Workstation Pro ilikuwa ya kununua hadi 2024, ilipoachwa bure kwa watu binafsi mwezi Mei, na kwa biashara pia Novemba. Ila kuipakua sharti ufungue akaunti kwa Broadcom, wamiliki wake. Hyper-V huja na Windows Pro, haimo kwenye Home. Wenye Mac wana UTM ya bure, au Parallels ya karibu dola 100 kwa mwaka. Kwa kujaribu tu Linux, sioni sababu ya kulipa hizo dola 100.

Mfumo unaousimika ndani nao una bei yake. Linux Mint na Ubuntu hazidai kitu. Windows 11 Home huuzwa na Microsoft Marekani kwa dola 139, Pro kwa 199, na leseni iliyokuja na laptopu yako haihesabiki humo, kwa kuwa kompyuta pepe huchukuliwa kuwa mashine nyingine.

Lakini kinachoumiza zaidi ni RAM. Mashine mbili zinagawana sahani moja, na zote zina njaa. Windows 11 hudai angalau GB 4 za RAM na GB 64 za diski; Mint huanzia GB 2, ingawa 4 ndizo zinazofaa, na diski ya GB 20. Niliwahi kuijaribu Mint kwenye laptopu ya GB 4, nikaigawia 2. Kufungua kivinjari ilikuwa ni kwenda kubandika chai, kurudi, na kukuta bado. Ukiwa na GB 8 utafanya kazi nyepesi. Ukiwa na 16 utasahau kwamba kuna mashine mbili. Kama una pesa kidogo, inunulie laptopu yako RAM, na kama bado una diski ya kuzunguka, SSD. Muulize fundi kwanza: kwenye laptopu nyembamba nyingi RAM imechomelewa kwenye bodi, haiongezwi.

Halafu bando. Faili ya Mint ni karibu GB 3, ya Ubuntu karibu mara mbili yake, kabla ya masasisho. Mwenzako akiwa nayo kwenye flashi, nakili tu, Linux inaruhusu.

Na kompyuta pepe ikigoma kuwaka, usikimbilie kulipia matengenezo. Ingia BIOS ya kompyuta yako halisi utafute swichi ya Intel VT-x, au AMD-V kwa wenye AMD. Huenda imezimwa tangu kiwandani. Kuiwasha ni dakika mbili, na haigharimu hata shilingi.