Sahihi, Saa na Tarehe: Kwa Nini Uandishi wa Kazini Ujifunzwe Chuoni

Zamu inapobadilika katika hoteli za ufuo wa Shanzu, kuna daftari linalotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Anayetoka huandika yaliyotokea: bomba linalovuja chumbani, ufunguo uliopotea, mgeni anayetaka gari la uwanja wa ndege saa kumi alfajiri. Anayeingia huanza kazi kwa kusoma. Mstari mmoja ukisahaulika, mgeni huachwa na ndege na lawama humwangukia aliye zamuni.

Vijana wengi hawaihesabu kazi hiyo kuwa ni uandishi. Chuoni somo lake huitwa Stadi za Mawasiliano, na hufundishwa karibu katika kila kozi, kuanzia upishi hadi umeme. Lipo katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), na limo pia katika mafunzo ya umilisi yanayosimamiwa na TVET CDACC. Hata hivyo, wanafunzi hulichukulia kama somo la kujazia ratiba. Anayesomea ufundi wa mabomba huuliza, barua rasmi itamsaidia nini akiwa chini ya sinki? Ni swali la haki, na jibu lake huonekana siku mambo yanapoharibika.

Chukua mfano wa mhudumu wa jikoni aliyeteleza na kuumia mkono. Kesho yake anaandika: “Nilianguka kazini na hakuna aliyejali. Naomba msaada.” Maneno hayo ni ya kweli na yanatia huruma, lakini hayamsaidii. Hayasemi alianguka lini, wapi, kwa sababu gani, wala nani aliona.

Mwenzake aliyejifunza kuandika ripoti angeandika hivi: “Jumanne, saa nne na dakika ishirini usiku, niliteleza kwenye ngazi za nyuma ya jiko. Ngazi zilikuwa na maji yaliyovuja kutoka kwenye friji. Nilitua kwa mkono wa kushoto, na kifundo kimevimba. Mpishi wa zamu na mlinzi wa lango la nyuma waliona. Nilimwarifu msimamizi saa nne na nusu.” Chini anatia jina, sahihi na tarehe, kisha anabaki na nakala.

Tofauti ya karatasi hizo mbili inaweza kuwa tofauti ya kulipwa na kutolipwa. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamruhusu mfanyakazi kumwarifu mwajiri kwa mdomo au kwa maandishi, na mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 za kuripoti ajali hiyo kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Taarifa ya mdomo inakubalika, ndiyo. Lakini msimamizi akihama au akikana kuwa aliambiwa, maneno ya mdomo hayana pa kushikwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo nayo inataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Kijana aliyezoea kusoma na kuandika nyaraka za kazi hatii sahihi kwanza akasoma baadaye.

Ripoti ya mfano hapo juu haina neno gumu hata moja. Ugumu upo katika kutenganisha kilichoonekana na kinachodhaniwa, kupanga mambo kwa mfuatano wa saa, na kuacha hasira nje ya karatasi. Mambo hayo hayaji yenyewe siku ya ajali, mtu akiwa na maumivu na hofu ya kufutwa. Huja kwa kuandika, kusahihishwa na kuandika tena, na chuoni ndiko makosa yanakogharimu alama tu.

Katika Chuo cha Walimu cha Shanzu, uandishi ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwalimu mwanafunzi huandaa azimio la kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi kabla na baada ya kuingia darasani. Wengi hulalamika kuwa karatasi ni nyingi. Lakini mwalimu akihamishwa katikati ya muhula, rekodi hiyo ndiyo humwonyesha anayekuja watoto walipofika.

Kwa wanaojiajiri mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa hawana karani wa kuwaandikia. Vyuo vya ufundi vya mashinani viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na wengi wanaohitimu humo hufungua karakana zao: seremala, fundi cherehani, fundi wa friji. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hata hivyo, nafasi hiyo haimwondolei mwombaji masharti ya karatasi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inadai kurasa za zabuni zipewe nambari kwa mfuatano, na fundi hodari aliyeruka nambari au kusahau sahihi anaweza kuondolewa kabla bei yake haijatazamwa. Hali ni hiyo hiyo kwa ankara isiyo na tarehe: mteja ana sababu ya kuchelewesha malipo. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Wapo wanaoogopa somo hili kwa sababu ya Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na pwani hii haikuanza jana kuandikiana: barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu mwanzoni mwa miaka ya 1700 bado zimehifadhiwa Goa, India. Kweli, ofisi na hoteli nyingi hutaka ripoti kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi ajizoeze zote mbili. Anayejua kupanga taarifa kwa Kiswahili amebakiza kutafuta maneno tu. Siku hizi mengi hupitia WhatsApp, na hilo si baya, mradi ujumbe uwe na saa, mahali na jina. Ujumbe wa sauti wa dakika 3 hauna mahali pa kutia sahihi.

Mkazi anayetaka kujizoeza anaweza kuanza na jambo linalomhusu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu kila raia kuomba habari kutoka ofisi ya umma, ikiwemo ya kaunti, kwa barua ya Kiswahili au Kiingereza inayoeleza wazi anachotaka. Ofisi inapaswa kutoa uamuzi haraka iwezekanavyo, kabla ya siku 21 kwisha. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma au ulemavu aeleze ombi lake kwa mdomo. Afisa wa habari ana wajibu wa kuliandika na kumpa nakala.