Kutoka Kofia Hadi Sweta

Mjukuu wangu anasomea ubunifu wa mavazi Nottingham, Uingereza, jirani na Calverton alikotoka William Lee, aliyebuni mashine ya kufumia soksi mwaka 1589. Likizo hii aliikagua sana kofia yangu, aliyoishona marehemu bibi yake. Vitundu vya kofia hutobolewa kitambaani, kisha vikazungushiwa uzi kwa mkono. Mashine haitoboi: kitanzi huhamishiwa sindano ya jirani, na ile iliyobaki tupu hudaka uzi upya safu inayofuata, pakabaki kitundu. Kitanzi kimoja kikiponyoka, kazi hufumuka hadi chini. Yamemkuta mara nyingi. Sasa anataka nakshi ile iwe sweta, na kofia aondoke nayo. Karani mimi nimemtilisha saini: irudi kabla ya Idi.