Sumu ya Nyoka na Dawa za Mizizi za Bara Hindi

Leo tuyaache kidogo mambo ya mbolea na viwavi, tuzungumze juu ya hatari inayojificha kwenye majani, yaani nyoka. Sisi mabwana shamba tukipita vijijini huulizwa: je, kuna mzizi unaoponya sumu ya nyoka? Wengine wamesikia kwamba wenzetu wa India wanayo elimu ya kale ya dawa za miti, iitwayo Ayurveda, na kwamba dawa zake humponya aliyeumwa. Hebu basi tuichunguze elimu hiyo.

Ayurveda ina matawi manane. Tawi moja, liitwalo Agada Tantra, kazi yake ni sumu tu: ya nyoka, ya nge, ya buibui, hata sumu ya mimea na madini. Vitabu vyake viwili vikubwa, cha Charaka na cha Sushruta, vina umri wa zaidi ya miaka 1,500. Sushruta aliandika kwamba sumu ya nyoka huenda mwilini kwa hatua saba, na kila hatua ina dalili zake. Charaka alitaja njia 24 za kutibu sumu. Dawa za kunywa na za kupaka zimo, lakini kumo pia kufunga kamba juu ya jeraha, kuchanja, kufyonza, kuchoma kwa moto na kusoma maneno ya dua. Katika jimbo la Kerala, kusini ya India, ziko familia zilizorithishana uganga wa sumu tangu mababu. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, hii si elimu ya kuchekwa. Watu hawa walitazama wagonjwa wao kwa makini sana.

Sasa tuzitazame dawa zenyewe. Uko mmea uitwao sarpagandha. Jina lake linatokana na neno la Kihindi cha kale lenye maana ya nyoka, na mizizi yake ilitumika tangu zamani kwa walioumwa na nyoka. Mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi walitoa katika mizizi hiyo dawa iitwayo reserpini, ikatumika duniani kote. Lakini ilitibu nini? Ilitibu shinikizo la damu, maana kazi yake ni kulishusha. Sumu ya baadhi ya nyoka nayo hulishusha shinikizo la damu mpaka mgonjwa akazimia. Ukimnywesha mtu huyo sarpagandha, unatia maji katika mtumbwi unaozama.

Mmea mwingine ni ishwari, ambao wataalamu huuita Aristolochia indica. Huu una asidi inayoharibu figo na kuleta saratani. Na wako nyoka wa India ambao sumu yao hushambulia figo hizo hizo. Basi mgonjwa anaweza kupigwa mara mbili, na nyoka kisha na dawa.

Mtauliza, mbona wako watu walioumwa, wakanywa mizizi, na wakapona? Swali zuri. Jibu lake limo katika kitabu cha Sushruta mwenyewe. Aliyagawa majeraha ya nyoka katika aina, na aina moja aliiita nirvisha, maana yake jeraha lisilo na sumu. Alijua kwamba nyoka aweza kuuma bila kutia sumu. Tena nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu: India ina aina karibu 300, na zenye sumu ya hatari hazifiki hata theluthi. Basi mtu aliyeumwa bila kutiwa sumu atapona hata akinywa maji matupu, na sifa itakwenda kwa mzizi. Lakini yule aliyetiwa sumu hasa, saa anazokaa kusubiri mzizi ufanye kazi ndizo saa zinazomwua.

Hasara yake si ndogo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2019 watu milioni 1.2 walikufa India kwa kuumwa na nyoka, wastani wa watu 58,000 kila mwaka. Wengi walikuwa watu wa vijijini, na wengi walikufa nyumbani. Karibu nusu ya vifo hivyo ilitokea miezi ya mvua, Juni hadi Septemba, wakati mkulima yuko shambani.

Dawa iliyothibitishwa ni sindano ya kuzuia sumu ya nyoka, iliyoanzia miaka ya 1890. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga, na kinga hiyo ndiyo anayopewa mgonjwa. Wenzetu Wairula, wawindaji wa nyoka wa Tamil Nadu, walianzisha ushirika wao mwaka 1978. Huwakamata nyoka, huwakamua sumu kwa ajili ya watengenezaji wa dawa, kisha huwarudisha porini. Ujuzi wa mababu umepata mahali pake panapofaa. Lakini angalieni: sindano iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haikutengenezwa kwa koboko wetu wala kifutu wetu. Dawa lazima ilingane na nyoka wa mahali.

Sasa basi, mwenzako akiumwa shambani, fanya hivi:

Kwanza, ondokeni pale alipo nyoka. Msimfukuze.

Pili, mlaze mgonjwa, mtulize, asitembee wala kukimbia. Mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba.

Tatu, fungia kijiti cha kunyoosha mguu au mkono ulioumwa usichezecheze. Usiukaze kwa kamba, usichanje, usifyonze, usichome, wala usibandike jiwe la nyoka.

Nne, kama swila amemtemea machoni, osha macho kwa maji mengi safi. Usitie majani.

Tano, mpeleke hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu. Ziko sumu zisizovimbisha, ila kope hulegea na pumzi hukatika baadaye. Kwa pikipiki, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Kumbukeni saa aliyoumwa na mwambieni mganga wa hospitali.

Na kinga ndiyo bora. Vaeni viatu vya mpira shambani, chukueni tochi usiku, fyekeni majani kuzunguka nyumba, na punguzeni panya ghalani, maana nyoka hufuata panya. Laleni ndani ya chandarua.

Wazee wenye ujuzi wa miti tuwaheshimu. Na heshima kubwa tutakayowapa ni kuwaomba wawe wa kwanza kusema: huyu ameumwa na nyoka, tafuteni usafiri.